Maswali ya Wasomaji: Picha Inagandaganda, Sauti Inakatika

Barua nyingi za toleo hili zinalia na jambo moja: video ya webkamu au ya kamera inayokwama, na sauti inayokatika au kupishana na midomo. Wengi wenu mmeshaambiwa dukani kwamba dawa ni kununua kamera mpya. Kabla ya kutoa pesa, zima intaneti, rekodi dakika mbili kwenye kompyuta yako, kisha icheze. Ikiwa safi, kamera na waya wake ni wazima, tafuta ubovu kwenye mtandao. Ikikwama, ipeleke faili hiyohiyo kwenye mashine yenye nguvu zaidi. Ikicheza vizuri huko, basi ilirekodiwa salama na kompyuta yako ndiyo inayoshindwa kuicheza. Ikikwama hata huko, ubovu umeingia wakati wa kurekodi.

Nafundisha hisabati jioni kwa video. Mchana picha ni laini, lakini kuanzia saa moja usiku mkono wangu unaacha kivuli nyuma yake na picha inakwenda vipande vipande. Mtandao ni uleule. Webkamu imechoka? — Mwalimu, Morogoro

Webkamu haijachoka, Mwalimu. Kilichopungua ni mwanga. Ili itoe fremu 30 kwa sekunde, kamera haiwezi kuiangalia fremu moja kwa zaidi ya 1/30 ya sekunde. Giza likiingia, mfumo wake wa kujirekebisha huongeza muda huo hadi 1/15, hata 1/8, ili picha isiwe nyeusi. Fremu zinashuka hadi 15 au chini ya hapo, na mkono unaopita unaacha ule ukungu unaouona.

Anza na taa. Balbu ya LED ya wati 9 hadi 12 inatosha, ikiwa mbele yako umbali wa mita moja hivi, juu kidogo ya usawa wa macho. Ikiumiza macho, igeuzie ukuta mweupe ulio mbele yako, mwanga urudi usoni. Taa ya dari iliyo nyuma yako haisaidii. Inaidanganya kamera, na uso unazidi kuwa mweusi.

Kisha funga muda wa fremu mwenyewe. Njia rahisi kwenye Windows ni kupitia OBS, programu ya bure: ongeza "Video Capture Device", bonyeza "Configure Video", nenda kwenye "Camera Control". Ondoa tiki ya "Low Light Compensation" kama ipo, ondoa tiki ya "Auto" kwenye "Exposure", weka -5. Namba hizo ni vipeo vya 2: -5 ni 1/32 ya sekunde, -6 ni 1/64, kwa hiyo -4, yaani 1/16, itakurudisha kulekule kwenye kukwama. Picha ikiwa nyeusi kwa -5, ongeza taa. Kuongeza "Gain", yaani kuikuza picha kwa umeme, kunaleta chengachenga, na chengachenga hufanya video iwe nzito kusafiri kwenye mtandao.

Ukiona pia mistari ya giza ikipanda na kushuka kwenye picha, kwenye kichupo cha "Video Proc Amp" weka "PowerLine Frequency" iwe 50 Hz. Umeme wetu ni wa hezi 50, na kamera nyingi huja zikiwa zimepangwa kwa 60.

Natengeneza vipindi vya mapishi nikiwa na webkamu moja ya 1080p na kamera ya DSLR niliyoiunganisha kwa kifaa cha HDMI cha bei nafuu. Zote mbili ziko kwenye habu moja ya USB. Webkamu inatoa fremu tano hivi, na ile nyingine ikiwashwa moja kati ya hizo mbili hufa kabisa. Tarakilishi ni mpya. — Msomaji, Nairobi

Tarakilishi yako ingekuwa mara mbili ya hiyo, tatizo lingebaki, kwa sababu liko kwenye njia ya USB. Hesabu mwenyewe. Fremu moja ya 1920 kwa 1080 katika muundo wa YUY2, ambao haujabanwa, ni megabaiti 4.1. Zidisha kwa 30 upate karibu megabaiti 124 kwa sekunde. USB 2.0 yote kwa jumla, kwenye karatasi, ni megabaiti 60, na sehemu ambayo kamera moja huruhusiwa kujitengea haifiki 25. Ndiyo maana webkamu inakupa fremu tano. Hizo ndizo zinazotosha humo, na kamera yenyewe inalijua hilo.

Dawa ni kuifanya kamera ibane picha kabla ya kuituma. Kwenye OBS, fungua sifa za chanzo hicho, weka "Resolution/FPS Type" kuwa "Custom", chagua 1280x720 au 1920x1080, fremu 30, na kwenye "Video Format" chagua MJPEG badala ya YUY2. Kwa wengi, badiliko hili moja hutoa fremu 5 hadi 30 papo hapo. Likiachwa kwenye "Any", programu inaweza kujichagulia YUY2 bila kukuuliza.

Kuhusu habu: vifaa vyote vilivyochomekwa humo vinagawana njia moja inayoingia kwenye kompyuta. Kamera ya kwanza ikishajitengea nafasi yake, ya pili huambiwa hakuna nafasi, na hiyo ndiyo maana ya kufa unakokuona. Chomeka kila moja kwenye tundu lake la kompyuta, ikiwezekana moja kushoto na nyingine kulia, na habu ubakize kipanya na kibodi. Waya wa USB 2.0 usizidi mita 5. Ukiunga waya wa nyongeza usio na kikuza mawimbi ndani yake, kamera hujitoa na kurudi yenyewe.

Na kifaa chako cha HDMI? Vingi vya bei ya chini vinatumia chipu ya MS2109, ambayo ni ya USB 2.0 hata kama plastiki ya ndani ya plagi ni ya buluu. Inatoa 1080p kwa fremu 30, kwa MJPEG, basi. Ukiidai 60, itakwama. Ina kasoro nyingine inayosumbua watu bure: inajitambulisha kuwa na sauti ya mono ya 96 kHz, wakati inachotuma hasa ni stirio ya 48 kHz. Sauti ikitoka ya ajabu, usihangaike nayo. Tumia maiki iliyochomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta. Na kwa kuwa picha ya HDMI huchelewa kufika kuliko sauti ya maiki, icheleweshe sauti: kwenye OBS fungua "Advanced Audio Properties", na kwenye "Sync Offset" ya maiki anza na milisekunde 100, piga kofi mbele ya kamera, kisha ongeza kwa 20 hadi mkono na mlio vikutane.

Assalaam alaykum. Nasomesha Qur'ani kwa Zoom kutoka Unguja, wanafunzi wangu wako Maskati. Nikizungumza wananisikia vyema, lakini nikivuta madda au nikitia ghunna, sauti inazama au inakatika katikati. Nikisoma pamoja nao, ndiyo hasikiki mtu. — Ustadhi, Zanzibar

Waalaykum salaam, Ustadhi. Hapa mtandao hauna kosa, na ushahidi umeutoa mwenyewe: ungekuwa mtandao, na mazungumzo ya kawaida yangekatika. Zoom ina kichujio cha kuondoa kelele za nyuma, na namna yake ya kuitambua kelele ni kwamba kelele huendelea bila kubadilika: feni, jenereta, kiyoyozi. Maneno ya kawaida yanapanda na kushuka, lakini madda ya harakati sita ni mlio mmoja ulionyooka. Kichujio kinaiona kama mvumo wa feni na kuinyamazisha. Ghunna, inayotokea puani na kuvuma, ndiyo huumia zaidi.

Kwenye kompyuta, ingia "Settings", kisha "Audio", na kwenye sehemu ya "Audio Profile" chagua "Original sound for musicians". Ukiwa darasani, hakikisha pembeni juu kushoto paneandikwa "Original Sound for Musicians: On". Kuchagua kwenye mipangilio peke yake hakuwashi. Kiyoyozi na feni vizime, maana sasa kila kitu kitasikika. Na vaa vipokea sauti: ukizima pia "Echo cancellation" bila kuvivaa, mwanafunzi atasikia sauti yake ikimrudia.

Vipokea sauti hivyo viwe vya waya. Vya Bluetooth vikitumiwa kusikilizia na maiki yake kwa wakati mmoja huhamia kwenye hali ya simu: mono, sampuli 8,000 au 16,000 kwa sekunde badala ya 44,100 au 48,000. Tofauti ya sini na thaa hupotea humo, na kwa somo lako hilo ni hasara kubwa. Kama huna vya waya, chagua maiki ya laptopu yenyewe na uviache vya Bluetooth visikilize tu.

Kusoma kwa pamoja hakutawezekana, hata kwa vifaa vya ghali. Sauti yako inafika Maskati kwa kuchelewa, yao inachelewa tena kurudi, na Zoom ikisikia pande mbili kwa pamoja huukandamiza mmoja. Soma wewe wao wakiwa wamezima maiki na kufuatisha kimya, kisha mmoja mmoja afungue na kurudia.

Habari za kazi mafundi. Nimenunua kamera inayorekodi 4K ya 10-bit. Kwenye kioo cha kamera video inacheza vizuri, lakini kwenye laptopu yangu ya Core i7 kizazi cha 8 inakwama kila sekunde na sauti inatangulia picha. Nimebadilisha kadi ya kumbukumbu mara mbili. — Mpiga video za harusi, Arusha

Kadi uiache. Kadi ikizidiwa na kasi, kamera nyingi husimamisha kurekodi zenyewe na kukuandikia onyo. Haziandiki fremu nusu nusu. Umesema kioo cha kamera kinacheza vizuri, kwa hiyo faili ni salama.

Fungua faili moja kwa programu ya bure ya MediaInfo. Tunategemea utaona HEVC (namna ya kubana video, iitwayo pia H.265), 10-bit, na kwenye mstari wa "Chroma subsampling", yaani kiasi cha rangi kilichohifadhiwa, 4:2:2. Hapo ndipo penye mzigo. Chipu ya picha ya Intel ya kizazi cha 8 ina sehemu maalumu ya kufungua HEVC ya 10-bit, lakini ya 4:2:0 tu. Ya 4:2:2 haiijui, kwa hiyo kazi yote inaangukia prosesa, nayo haiwezi. Thibitisha: cheza video huku umefungua "Task Manager", ukurasa wa "Performance", kisha GPU. Mchoro wa "Video Decode" ukibaki sifuri na prosesa ikapanda hadi karibu asilimia 100, ndicho hicho. Sauti inatangulia kwa sababu ni nyepesi. Inacheza kwa wakati wake na picha inabaki nyuma.

Intel wa kizazi cha 11 na kuendelea, na Mac za chipu ya M1 na kuendelea, zinafungua muundo huo bila jasho. Kadi za picha za NVIDIA zimeanza kuufungua kwenye RTX za mfululizo wa 50, hivyo usishawishike kununua RTX ya zamani kwa ajili ya tatizo hili.

Lakini huhitaji kununua chochote ili umalize harusi ya wiki hii. Tengeneza nakala nyepesi za kuhariria. Kwenye DaVinci Resolve, ingia "Project Settings", "Master Settings", na chini ya "Optimized Media and Render Cache" weka nakala ziwe nusu ya ukubwa na muundo wa ProRes Proxy au DNxHR LB. Chagua klipu zote, bofya kulia, "Generate Proxy Media", iache laptopu ifanye kazi usiku ikiwa kwenye chaja. Kisha kwenye menyu ya "Playback", chini ya "Proxy Handling", chagua "Prefer Proxies". Tenga nafasi: ProRes Proxy ya 1080p kwa fremu 25 inakula karibu gigabaiti 17 kwa saa. Kazi ya mwisho utaitoa kutoka kwenye faili asilia, kwa ubora wote.

Kosa moja tunaloliona sana kwa wapiga video ni kuhariri moja kwa moja kutoka kwenye kadi. Nakili kwanza kwenye SSD. Na kwa kuwa umeshanunua kadi mbili, hakikisha si za bandia: hamishia data zake mahali pengine, kisha endesha programu ya kupima kadi, H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Mac na Linux hadi ijaze kadi nzima. Usoni pa kadi tazama alama ya V30, inayoahidi angalau megabaiti 30 za kuandika kwa sekunde. Ile namba kubwa ya 170 au 200 ni kasi ya kusoma.

Video za ngoma nilizopiga ufukweni saa sita mchana zinaonekana kama wachezaji wanarukaruka, kila hatua inajitenga. Kompyuta tofauti tatu, matokeo yaleyale. — Mombasa

Shata yako, yaani muda ambao kamera huiangalia kila fremu, ilikuwa ya kasi mno. Kwenye jua kali, kamera ikiachwa ijiamulie, hufika hata 1/2000. Kila fremu inakuwa kali bila ukungu wowote, na jicho linakosa kiungo kati ya fremu na fremu. Kwa fremu 25 weka shata 1/50. Picha itaungua kwa mwanga, kwa hiyo weka kichujio cha ND, kioo cheusi cha kupunguza mwanga, mbele ya lenzi: ND8 inakutoa 1/400 hadi 1/50, ND64 inakutoa 1/3200 hadi hapohapo. Zilizokwisha kupigwa hazirekebishiki vizuri. Programu zinazobuni ukungu huharibu kingo za mikono na leso.

Bwana Yesu asifiwe. Tunarusha ibada mubashara kwa OBS kupitia hotspoti ya simu. Kila Jumapili baada ya nusu saa picha inaganda, waumini wa mbali wanalalamika. Fundi mmoja anasema ni kompyuta, mwingine anasema ni bando. — Kamati ya habari, Mwanza

Amina. OBS yenyewe itawaamulia. Fungua menyu ya "View", kisha "Stats", na iacheni wazi ibada nzima. Kuna mistari mitatu. "Frames missed due to rendering lag" ikipanda, chipu ya picha imelemewa: punguzeni vyanzo na mapambo ya skrini, fungueni OBS kwa "Run as administrator". "Skipped frames due to encoding lag" ikipanda, kubana video kumeishinda prosesa: kwenye "Output" hamieni kwenye NVENC au QuickSync, ambazo hubana kwa chipu ya picha, au kama mnatumia x264, inayobana kwa prosesa, shukeni kutoka "veryfast" hadi "superfast". "Dropped Frames (Network)" ikipanda, ni mtandao, wala kompyuta msiiguse.

Kuganda baada ya nusu saa tunakuhusisha na moja kati ya mawili. Kama mstari wa mtandao ndio unaopanda, huenda watu wamezidi kuwa wengi kwenye mnara uleule. Pimeni kasi ya kupakia saa ileile ya ibada, wala si Jumamosi usiku, na tumieni nusu yake tu. Ikiwa ni megabiti 5, wekeni "Bitrate" 2500 kwa 720p ya fremu 30, na kwenye "Advanced" washeni "Dynamically change bitrate". Kwa kiwango hicho, pamoja na sauti, saa moja inakula karibu gigabaiti 1.2. Ibada ya saa tatu ni gigabaiti 3.6, bando lisiwe chini ya hapo.

Kama ni mistari miwili ya juu inayopanda, laptopu imepata joto na kujipunguza kasi. Inueni nyuma yake sentimita mbili au tatu ili hewa ipite, na chaja isichomolewe.

Simu iunganishwe na laptopu kwa waya wa USB badala ya waifai, na iwe dirishani. Tundu la USB 3.0 lenye diski likikaa jirani na kifaa cha waifai cha 2.4 GHz hukitibua, kwa kuwa mawimbi yanayovuja kutoka humo yanaangukia masafa yaleyale. Na ikiwa sauti ya mixa ndiyo inayotoa tik-tik-tik, wekeni 48 kHz kote, kwenye Windows na kwenye OBS, kisha kwenye mipangilio ya kina ya umeme ya Windows zimeni "USB selective suspend".

Mahojiano ya saa moja: picha kwa simu, sauti kwa rekoda. Mwanzo vinaendana, mwisho sauti iko mbali. — Bujumbura

Angalia kwanza kwa MediaInfo mstari wa "Frame rate mode" wa video ya simu. Ukisema "Variable", simu ilikuwa inabadili idadi ya fremu kadiri ya mwanga na joto, na programu nyingi za kuhariri hupotea njia hapo. Ipitishe kwenye HandBrake, programu ya kubadili muundo wa video: ukurasa wa "Video", fremu 30, "Constant Framerate", ubora RF 18. Ndipo uanze kuhariri.

Tofauti ikibaki, ni saa za ndani za vifaa viwili kutokwenda sawa. Kupishana kwa sehemu 50 katika milioni kunatoa milisekunde 180 kwa saa moja, yaani zaidi ya fremu nne za video ya 25. Kata sauti kila dakika kumi pale mtu anapovuta pumzi na usogeze kipande mahali pake. Hilo halisikiki. Ikiwa mahojiano ya dakika 10 yamekuwa 10 na sekunde 53 na sauti imekuwa nzito, hapo ni kitu kingine: sauti ya 48 kHz inachezwa kama ya 44.1. Rekebisha namba hiyo kwenye mradi.

Kamera yangu ya zamani inakata video vipande. Nikiviunganisha, sauti inaruka kidogo kwenye kila kiungo. — Tanga

Kadi za hadi gigabaiti 32 hutumia mfumo wa FAT32, ambao haukubali faili inayozidi gigabaiti 4. Kwa megabiti 50 kwa sekunde, hiyo ni kama dakika 11. Hakuna kilichopotea. Tatizo ni kuvibandika kwenye programu ya kuhariri kama klipu zisizohusiana. Kama ni faili za MTS, fungua "Command Prompt" kwenye folda yake na uandike copy /b 00000.MTS+00001.MTS yote.MTS, ukifuata mpangilio wa namba. Kama ni MP4, amri hiyo haifai. Tumia programu ya LosslessCut, sehemu ya kuunganisha, bila kubana upya. Ukinunua kadi ya gigabaiti 64, angalia kwanza kama kamera inakubali alama ya SDXC.